Aliyemfunga Bi Kijakazi

Blanketi la Bi Kijakazi lilikataa kukauka. Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili tangu watu wa mtemi wajenge nyumba ya wazee wasio na ndugu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na jua la mwezi ule lilikuwa likipasua ardhi. Nyamizi, mjane aliyefua na kupika pale, alilianika asubuhi juu ya ua wa minyaa pamoja na mengine saba. Kufikia adhuhuri yale saba yalikuwa makavu, yanakwaruza. La nane lilikuwa bado linadondosha maji, na lilinuka kidonda.

Mwenyewe alizikwa siku tatu nyuma.

Bi Kijakazi hakuwa na mtu duniani. Aliletwa akiwa mtoto, mali ya watu, na alipoachwa huru hakukumbuka kwao ni wapi. Katika nyumba ile alikuwa na kitanda cha kamba kwenye kona, na alikuwa akiita aletewe maji mchana kutwa. Maulidi, msimamizi, hakupenda kuitwa. Kila siku jua likipanda aliwafunga mikono wazee wasumbufu kwa kamba za katani, akafunga na mlango, akaenda kwenye shamba lake la pamba. Maziwa ya wazee aliwapelekea vibarua wake. Alirudi alasiri.

Nyamizi alipomwosha maiti, alikuta vifundo vya mikono vimechunika, na mgongoni nyama imeoza mpaka mfupa unaonekana. Maulidi alimwambia kwamba akiulizwa aseme ni jini, ndilo lililokuwa likimkaba bibi huyo na kumburuta. Karani wa mtemi naye aliambiwa hivyo hivyo, kama alivyoambiwa juu ya wazee wawili waliotangulia kufa. Nyamizi alinyamaza. Alikuwa na watoto, na kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Asubuhi moja Mzee Sabiti, mpagazi wa zamani aliyelala jirani na kona ile, alimshika mkono alipomletea uji.

"Mwanangu," alinong'ona, "kuna mtu amelala pale."

"Pale hapana mtu, baba."

"Mchana. Akishafunga mlango."

Siku hiyo Nyamizi hakutoka. Alijibanza nyuma ya magunia ya mtama, akasikia komeo likisukumwa kwa nje na nyayo za Maulidi zikiishilia. Jua lilikuwa utosini. Nyuzi za mwanga zilipenya kwenye nyufa za ukuta, nzi walikuwa wakivuma, wazee wakihema. Kisha nzi wakanyamaza. Harufu ya udi ikajaa chumba kizima, ingawa hapakuwa na chetezo wala moto, na chini ya udi ule ikaja harufu aliyoijua, harufu ya mgongo aliouosha kwa mikono yake. Kitanda cha kona kikalia, kamba zake zikabonyea polepole kama zinavyobonyea mtu mzito anapojinyoosha, na ile katani iliyoachwa inaning'inia kwenye tendegu ikanyanyuka, ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, ikakaza fundo juu ya kitu ambacho Nyamizi hakukiona, huku wazee wote wamegeuza nyuso upande ule, wametulia, kama watu wanaomsikiliza mgeni wao, na yeye anataka kukimbia na mlango umefungwa kwa nje.

Sauti ikatoka kitandani, ya kiume, ya upole.

"Nyamizi. Ni mimi niliyemfunga?"

Alizidi kujibanza nyuma ya magunia.

Alasiri Maulidi alifungua mlango, akapiga hatua tatu, akaanguka juu ya kitanda kile. Viganja vyake viligandana kama vimefungwa, wala hapakuwa na kamba. Aliomba maji. Nyamizi akamnywesha, maji yakatoka yote pembeni mwa mdomo. Siku tatu alikaa hivyo, midomo imepasuka, anaomba maji.

Ndipo alipoitwa Mwalimu Salehe kutoka mjini. Alifukiza ubani, akasoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Mwishowe ile sauti ya upole ikasema kwa kinywa cha Maulidi kwamba ni jini lenye makao yake katika mawe ya huko Kishapu, halina neno na mtu, ila huyu bwana amesema mara tatu kwamba limeua.

"Unataka nini?" Mwalimu aliuliza. "Mbuzi?"

"Sitaki damu. Nataka jina langu lisafishwe, hadharani. Anayejua yumo humu ndani."

Mwalimu Salehe akageuka kumtazama Nyamizi.

Siku ya baraza watu wanne walimbeba Maulidi na kitanda chake mpaka mbele ya mtemi. Nyamizi alisimama. Alieleza habari za mlango, maziwa, vidonda, na wale wawili wa kwanza. Kisha akafika pale alipoogopa zaidi.

"Mkono wa kulia wa mama yetu, mayu Kijakazi, aliufunga Maulidi," alisema. "Wa kushoto niliufunga mimi. Aliniagiza, nikafunga, na fundo nikalikaza. Nilimsikia akiita. Hapakuwa na jini."

Harufu ya udi ilipita katikati ya watu, ikatoweka. Viganja vya Maulidi vikaachana. Akaketi, akapewa kata ya maji, akainywa yote. Mtemi akamwuliza kama mwanamke huyu amesema kweli.

Maulidi alijipangusa mdomo, akawatazama watu mmoja mmoja.

"Mwongo huyu," alisema. "Ni jini."

Mikono yake ikanyanyuka yenyewe kutoka mapajani, taratibu, vifundo vikakutana, na ngozi ikaanza kubonyea pande zote kama inayokazwa kamba. Alifumbua kinywa kusema neno jingine, lakini kilichotoka ni kuomba maji. Mwalimu Salehe alikunja mkeka wake, akasema yeye hana tena la kusoma.

Nyamizi aliitazama mikono yake mwenyewe. Alingoja. Ilibaki pale ilipokuwa.

Hakungoja kusikia hukumu. Alishika njia ya kurudi peke yake, kwa sababu wazee saba walikuwa hawajala.