Mawe ya Shimo la Tatu

Theonest alizima injini, mkanda ukalegea, mtungi ukasimama. Mawe yaliyokuwa ndani hayakusimama. Yaliendelea kuteleza na kugongana kwa mwendo uleule, kisha yakanyamaza yote kwa pamoja.

"Yanajipanga tu," fundi akajiambia, akawasha sigara. Ilikuwa saa saba mchana na mabati ya karakana yalikuwa yanachoma. Nani anaogopa mizimu saa saba mchana?

Mwaka ule wa 1955 mgodi wao mdogo, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Rwamgasa, ulikuwa taabani. Shimo la tatu lilijaa maji masika ya mwaka uliotangulia, na maji yale yaliwameza wachimbaji saba, asitolewe hata mmoja. Pampu ilikuwepo, lakini mdomo wake wa chini ulizibwa na matope. Bwana Mkubwa, mwenye mgodi, akatangaza kwamba Jumamosi mtu ashuke akauzibue, la sivyo mgodi unafungwa na kila mtu arudi kwao.

Wa kushuka alikuwa mmoja tu, Maduhu, Msukuma aliyejifunza kuzamia bandarini Mombasa wakati wa vita. Maduhu alikuwa amemwoa Scolastika, dada yake Theonest, naye Scolastika alikuwa na mimba ya miezi saba.

Bwana aliagiza mtungi wa chuma wa kupumulia majini, pamoja na mashine yake ya kuujaza hewa. Mtungi ulifika umeshika kutu kwa ndani. Kutu ile ikiziba kijibomba cha hewa, mzamiaji amekwisha, na shingo ya mtungi ilikuwa nyembamba mno, brashi haipiti. Hapo ndipo Theonest alipoonyesha ufundi wake, na hakuficha kwamba anajivunia. Alilaza mabomba mawili sambamba, akayavisha mpira wa gurudumu la lori, akayafunga kwenye beringi kuukuu na kuyaunganisha na injini kwa mkanda. Ukiweka mawe makali na maji ndani ya mtungi, ukaulaza juu ya mabomba yale, unazunguka kutwa nzima na mawe yanakwangua kutu yenyewe. Wachimbaji walimtania, wakaiita mashine ile kinu kilicholala.

Ubaya ulikuwa kwenye mawe. Mdomoni mwa shimo la tatu palikuwa na chungu ya mawe meupe, madogo kama punje za mahindi. Kila mchimbaji aliyemaliza zamu aliokota moja, akataja jina la mmoja wa wale saba, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ndipo akalitupa pale. Hawakuwa na kaburi, kwa hiyo chungu ile ndiyo iliyokuwa kaburi lao. Theonest aliyajua yote hayo. Lakini mawe yalikuwa magumu, makali na ya kiasi kilekile alichokitaka, na wiki ilikuwa inakwisha. Wenzake walipokuwa kwenye uji, alichota karai zima.

"Mawe ni mawe," alisema. Mtu mzima, na akili zake!

Siku ya pili alimimina. Yakatoka maji mekundu, kama alivyotarajia, kisha vikatoka vipande vya mshumaa, vyeupe, vina utambi. Yeye hakuweka mshumaa. Harufu iliyofuata aliijua, kama anavyoijua kila aliyewahi kushuka shimoni: udongo mbichi, nguo zilizolowa, jasho la watu waliobanana. Aliikuta hata kwenye ugali wake wa mchana.

Akaziba pua, akarudisha mawe mtungini, akawasha injini. Alipoizima jioni, jua bado lipo juu ya vilima, aliinama kuchungulia shingo ya mtungi, sigara mdomoni, na moshi uliokuwa ukipanda juu ukapinda, ukashuka, ukaingia ndani ya chuma kile polepole kama unavyovutwa na kifua cha mtu aliyelala, ukakaa humo, na fundi akabaki ameinama vilevile mpaka moshi ulipotoka tena umepoa na kulowa, na pamoja nao zikatoka sauti za wanaume, nyingi, za chini, zinazoitikia salamu kwa adabu zote.

"Mwangaluka."

Alikimbia bila viatu mpaka kwa Nkwabi, mfumu, mganga aliyekaa nyuma ya kilima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa chini, unatetemeka. Sema polepole."

Theonest akasema yote, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na kuta. Nkwabi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Umesaga salamu za watu, mwanangu. Wale kule chini hawana kitu wanachokihitaji zaidi ya pumzi, nawe umewapa nyumba ya pumzi. Sasa wamo."

"Watatoka?"

"Rudisha mawe, na mchanga wake, na tope lake. Omba radhi. Lakini nisikilize. Punje moja ikibaki mle ndani, mtu asiupumulie mtungi huo. Umenielewa? Punje moja."

"Nimekuelewa, baba."

Ijumaa mchana, watu wakiwa kwenye chakula, Nkwabi alinyunyiza maji ya unga wa mtama juu ya chungu, akawaita wale saba kwa majina, na Theonest akamwaga kila kitu. Harufu ikakata. Mtungi ukanyamaza. Fundi alilia kwa furaha, hakuona haya.

Aliuosha mara tatu, akaukausha, akafunga koki. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, na nyuma yake wachimbaji zaidi ya ishirini. Theonest aliunyanyua mtungi kuwakabidhi. Ndani kikasikika kitu, shhh, kidogo tu.

Mchanga.

Angesema. Lakini angesemaje bila kutaja ulikotoka? Wachimbaji wale wangempiga hadi afe, na wangekuwa na haki. Aliogopa, huo ndio ukweli, akaogopea nafsi yake.

"Tayari?" Bwana akauliza.

"Tayari."

Jumamosi asubuhi Maduhu alijifunga kamba kiunoni, anacheka. "Shemeji, mbona uso umekunjamana? Nitarudi nile samaki." Kisha akamwambia mkewe, "Shika wewe kamba. Nikivuta mara moja, niko salama. Mara tatu, mnitoe."

"Usikawie, Baba," Scolastika alisema.

Mtungi ulikuwa na hewa ya nusu saa. Nusu saa ikapita, mapovu yanapanda, kamba ikavutika mara moja. Saa nzima ikapita, mapovu yanapanda. Adhuhuri ilipofika wachimbaji waliacha kunong'ona, wakavua kofia, kwa sababu mapovu yalikuwa yanapanda mahali pengine pia, karibu na ukuta, na kwenye kona, na katikati, mahali panane kwa jumla, yote kwa taratibu ya mtu anayepumua usingizini, na walipoishika kamba watu kumi wakaivuta mpaka viganja vikachubuka haikusogea, ila walipoilegeza ikajibu, mara moja, salama.

Siku ya tatu kamba ilikuwa bado inajibu. Bwana akaamuru shimo lifunikwe magogo, na kamba ikatwe. Kazi ya kukata akapewa fundi.

Scolastika alikuwa ameketi pale pale, kamba mikononi. Hakutaka watu wakae matanga.

"Mume wangu anasema yuko salama, kaka. Utakataje kamba ya mtu aliye salama?"

"Mdogo wangu, ule mtungi..." Theonest alianza, akashindwa. Akapiga magoti pembeni yake, akamwambia yote sikioni, mawe, mchanga, na neno lile alilosema mlangoni: tayari.

Scolastika aliikaza kamba mikononi.

"Basi kata," alisema. "Lakini mwambie mwenyewe kwanza."

Theonest akainamia maji. "Maduhu, nisamehe," alisema, akapitisha kisu. Upande wa chini ukazama. Upande wa juu ukabaki mikononi mwa Scolastika, urefu wa mkono tu, haujafungwa popote.

Ukavutika mara tatu.