Mwandiko wa Kioo Kaidi

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mpiga chapa alifika kufungua karakana akakuta barua imebandikwa kwenye mlango wa nje. Haikuwa karatasi moja. Vilikuwa vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kimoja chini ya kingine. Herufi zilikuwa kubwa, za wino mweusi, na zilitetemeka kama za mtu mwenye homa.

BABU WEMBE HAONI TENA.

CHAI ANAIPIMA KWA KIDOLE.

MWONDOENI KABLA HAJAUA.

Mpiga chapa huyo wenzake wanamwita Domo, na wala hawamwonei. Ilipofika saa mbili mtaa mzima ulikuwa na habari, mpaka muuza mkaa wa kona ya pili.

Karakana yenyewe ilikuwa na watu wanne na ilitengeneza kitu kimoja: mchezo wa kadi ngumu unaokunjwa, jina lake Kioo Kaidi. Ukiukunjua, ubavu mmoja unasimama mbele yako ukiwa na kioo chembamba, ubavu wa pili unakuwa paa dogo la kukuficha mkono, na katikati kuna nafasi ya kuchomeka kikaratasi chenye picha ya nyota. Unatakiwa upitishe kalamu juu ya mistari ya nyota huku ukiutazama mkono wako kwenye kioo tu. Watu wazima na akili zao walishindwa, wakacheka, wakanunua.

Babu Wembe ndiye mwenye karakana, na ndiye aliyekata kadi kwa mashine ya kisu kipana. Binti yake alikuwa msimamizi. Domo alichapa. Mama Gundi alibandika vioo. Mwezi uliopita kisu kile kiliondoka na ncha ya kidole cha Mama Gundi, cha shahada, mkono wa kushoto. Babu Wembe alisema mwanamke aliingiza mkono bila kutazama. Mama Gundi hakubisha. Alifunga kidole kitambaa, akarudi kwenye meza yake baada ya siku sita.

Kwa hiyo barua ilipotokea, macho yalijua pa kwenda.

"Mimi kipofu?" Babu Wembe alinguruma. "Mimi niliyekata kadi kabla nyie hamjaota meno? Mleteni yule mwalimu anayejua miandiko. Nataka jina!"

Jumanne saa nne akaletwa Bi Sahihi. Alikuwa mwalimu mstaafu, na jioni aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Jina hilo alilipata kwa kalamu yake nyekundu, iliyokuwa haijui huruma. Kwa hesabu yake mwenyewe hakuwahi kukosea kuhusu mwandiko wa mtu. Na hapo ndipo shughuli ilipoanzia, maana mtu asiyekosea ni wa kumwogopa kuliko kisu.

Alivipeleka vipande dirishani, akavigeuza kwenye mwanga. Chini ya wino aliona kivuli cha penseli iliyofutwa.

"Huyu ameandika kwanza kwa penseli," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kwa kujiamini. "Kisha akapitisha wino juu yake, kisha akafuta penseli. Hivyo ndivyo ninavyofundisha mimi. Huu ni mkono wa mwanafunzi. Miezi sita, saba hivi."

Alikuwa ameshatoa jibu kabla hajafikiria linamwangukia nani. Pale palikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa miezi saba, naye alikuwa wake. Mama Gundi alisimama na brashi mkononi, gundi ikidondoka sakafuni. Binti msimamizi alikuwa akichezea kifungo cha blauzi yake, hakuinua macho.

"Mpaka Ijumaa saa sita mchana," alisema Babu Wembe. "Ukiri mbele ya wote na uombe radhi. La sivyo usikanyage hapa."

Jumatano jioni, darasani, Mama Gundi alisimama mlangoni na daftari.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekurudishia hili."

"Marahaba. Ingia ukae, mwanangu."

"Sikai. Mama mkwe alinikanya. Alisema kalamu mtu mzima itamponza. Nikamcheka."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Unaniuliza? Si umeshajibu jana mbele za watu?" Aliliweka daftari mezani polepole. "Nikiomba radhi, nimekubali kosa ambalo si langu. Nisipoomba, sina kazi. Na mtaa huu nani atamwajiri mtu anayeandika barua za kujificha? Watoto watatu watakula jina langu zuri?"

Akaondoka. Bi Sahihi alifungua daftari ili ajihakikishie, si ili ajichunguze. Tusimpe sifa asizostahili. Kurasa zilijaa herufi kubwa za Mama Gundi, na zilitetemeka kweli. Zilitetemeka zote. Kifuniko cha T kilipanda na kushuka. Meno ya E yalienda kila moja na njia yake.

Akavitoa vipande vya barua kwenye mkoba. Humo vifuniko vya T vilikuwa vimenyooka kana kwamba vimepigwa kwa rula. E nazo hivyo hivyo. Mistari iliyolala yote ilikuwa ya mtu aliyeandika maisha yake yote. Iliyovurugika ilikuwa mistari ya mshazari peke yake: miguu ya A, mikono ya K, mabonde ya M na N. Hiyo ilikuwa na vimeno, kama kalamu ilitaka kwenda huku ikaenda kule.

Mkono unaojifunza hauchagui mstari wa kutetemekea. Usiku ule hakulala, na alistahili kutolala.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa karakana, amekaa na Domo kando ya mashine ya chapa.

"Wewe ndiye uliyeiona barua wa kwanza?"

"Mimi. Saa moja na robo. Na sikuiandika, kama ndiko unakokwenda."

"Nimesikia miaka miwili unaomba kukaa kwenye mashine ya kukata."

"Naomba kweli! Nimemwambia Babu usoni: mzee, umechoka, nipishe. Akanirushia rula. Mwalimu, mimi mdomo wangu hauna breki. Niandike barua ya nini, wakati nilichonacho moyoni kinafika mtaani kabla yangu?"

Bi Sahihi alikubali moyoni kwamba huo ulikuwa utetezi mzito. Domo, akiona amepona, akamsogezea Kioo Kaidi kilichokunjuliwa.

"Hebu pumzisha akili, mwalimu. Fuata nyota. Mkono usiuangalie, angalia kioo."

Alishika kalamu. Mstari wa kulala aliupita vizuri, akatabasamu. Kisha akafika kwenye mshazari. Mkono ulikataa. Alitaka kushuka, kalamu ikapanda. Alitaka kurekebisha, ikazidi kupotea. Aliposhika tena mstari wa kulala, mkono ukatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Hicho kioo kinabadilisha mbele kuwa nyuma," alieleza Domo kwa fahari. "Kulia na kushoto kinakuachia. Ndiyo maana wa kulala hauna neno, na wa kusimama ukishaanza unakwenda. Wa mshazari ndio unaotia watu wazimu."

Bi Sahihi alikuwa hacheki. Alichomoa kile kikaratasi cha nyota, akakiweka juu ya kipande cha barua. Vililingana pande zote nne. Mwandishi alikuwa ameandika kwa penseli kwenye karatasi za ukubwa ule, akazichomeka kwenye Kioo Kaidi, akapitisha wino akiangalia kioo ili mwandiko wake usitambulike, kisha akafuta penseli.

"Nani hapa anacho Kioo Kaidi?"

"Nani hana? Vimejaa mpaka chooni."

Hilo halikumsaidia. Alisoma tena maneno ya barua, safari hii kama msomaji na si kama msahihishaji, akasimama kwenye kipande cha pili.

"Hapa kazini chai anamimina nani?"

"Mimi," alisema Domo. "Namimina kwenye vikombe vinne, naweka kila mtu mbele yake. Babu hajawahi kushika chupa ya chai humu. Yeye ni bosi, bwana."

"Umewahi kumwona akitia kidole kwenye kikombe?"

"Cha nini, wakati chai nimeshammiminia?"

Bi Sahihi aliandika hilo kwenye kijitabu chake, akaandika na saa: tatu na dakika hamsini. Upande wa pili wa chumba, binti msimamizi alikuwa akihesabu katoni ile ile kwa mara ya tatu.

Ijumaa, saa tano na nusu, wote walikuwa karakana. Babu Wembe alikaa kwenye kiti chake karibu na mashine iliyozimwa. Mama Gundi alikuja na mfuko mdogo wa kubebea vitu vyake. Hakuwa amekuja kuomba radhi.

"Kwanza, mimi nimekosea," alianza Bi Sahihi. Maneno hayo hakuyazoea, na yalimtoka kwa shida. "Barua hii haikuandikwa na mwanafunzi. Imeandikwa na mtu mwenye mkono mzuri, kwa Kioo Kaidi. Tazameni."

Alichomeka karatasi, akapitisha wino juu ya neno TENA alilokwisha kuliandika kwa penseli. Wakasogea wote, isipokuwa Babu Wembe, aliyebaki kwenye kiti. T ilitoka imenyooka. N na A zilitoka na vimeno vile vile.

"Haya," alisema Babu Wembe. "Sasa ni nani? Domo?"

"Subirini jamani!" Domo aliruka. "Mimi tumeshamalizana!"

"Domo hakuwahi kuona chai ikipimwa kwa kidole," alisema Bi Sahihi. "Mama Gundi pia hakuona. Humu ndani unaletewa kikombe kimejaa. Mzee wangu, nikuulize kwa heshima: chai unaimimina wapi mwenyewe?"

"Nyumbani."

"Na unaipima kwa kidole?"

Mzee akasema, "Napima. Ili isimwagike. Ni kosa?"

"Si kosa. Nani anakuona?"

"Nani anione? Nyumbani tuko wawili tu, mimi na..."

Hakumaliza. Aligeuza kichwa upande ambao binti yake alikuwa amesimama dakika moja kabla. Hakuwa pale tena. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti, na baba mtu hakuwa amemwona. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa kinalia.

"Ni mimi, baba."

"Wewe, mama?" Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake. "Ulishindwa kuniambia?"

"Mara tatu nilikaa mezani nikuambie. Kila ukiniita mama, ulimi unakufa. Nikasema ukisikia kwa watu utaondoka kwenye kisu, na mimi utaendelea kunipenda." Aliufuta uso kwa mkono wa blauzi. "Sikujua watamshika mwingine. Walipomshika, nilisema nitasema kesho. Jumanne nikasema kesho. Jumatano kesho. Siku ile ya kidole nilikuwa nyuma yako, baba. Mama Gundi alikuwa akikupangia kadi, akasema 'bado'. Alisema kwa sauti. Wewe ukashusha kisu."

Domo alikwenda kuufunga mlango wa nje, yeye mwenyewe.

Babu Wembe aliyapapasa magoti yake. "Nilisikia," alisema hatimaye. "Neno 'bado' nililisikia. Lakini niliona kivuli kama kadi, nikadhani nimechelewa kukata tu. Kilipopita kwenye kitu laini nikajua. Nikajua pale pale, kisha nikasema ameingiza mkono bila kutazama. Asiyetazama alikuwa mimi." Alinyoosha mkono kuelekea anakodhani Mama Gundi yupo. "Mwanangu, nisamehe. Mbele ya wote hawa. Kosa la kidole ni langu, na kosa la barua ni la nyumba yangu."

"Pole zenu nimezisikia," alisema Mama Gundi. "Pole haioteshi kucha."

"Sema unachotaka."

"Nataka Domo autangaze ukweli mtaani kama alivyoutangaza uongo. Kazi yangu nairudia leo. Na wewe, Babu, ule mpini wa kisu usiushike tena."

"Sitaushika," alisema mzee, akalia waziwazi, bila kujificha. Binti alimshika mikono yote miwili.

Bi Sahihi alisogea. Alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, maneno mazuri, yenye mpangilio. "Na mimi pia, mwanangu, naomba..."

"Wewe ngoja." Mama Gundi aliuweka mfuko wake chini. "Hawa wawili nimewaelewa. Mmoja alikuwa anaficha macho yake. Mwingine alikuwa anamficha baba yake. Wewe, mwalimu, ulikuwa unamficha nani?"

Bi Sahihi alimtazama mwanafunzi wake, akatazama wino kwenye vidole vyake mwenyewe.

"Simfichi mtu," alisema. "Nilitaka tu wajue kwamba najua."

Mama Gundi alitikisa kichwa taratibu, kama aliyesikia jibu alilolitarajia.

"Basi wewe ndiye nitakayekawia kumsamehe," alisema, akavaa aproni yake, akaenda kupasha gundi.