Vituo Vitatu vya Visiga

Kila alfajiri Bi Mwanaamina alisimamisha basi. Hakulisimamisha kwa kupunga mkono pembeni kama abiria wengine. Aliingia katikati ya lami, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameinua upindo wa kanga. Basi kubwa la Mlandizi lilifunga breki mbele ya mama yule mdogo wa umbo, likatulia kama ng'ombe aliyefika zizini.

"Shikamoo, mama," alisema Twalibu, dereva.

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo. Mkwe wangu anamalizia chai."

Basi lilisubiri. Ndani ya nyumba, Siwema alimeza chai ya moto akaungua ulimi. Akavaa viatu, akatoka mbio huku akifunga kilemba. Lakini mtu hapandi tu basi bila kuaga, na kuaga pale Visiga hakukuwa jambo la haraka. Mama mkwe alimwombea dua. Mumewe, Mfaume, alikumbuka salamu za kumpelekea binamu yake mjini. Jirani alileta kuku aliyefungwa miguu, apelekewe dada yake. Ndipo basi likaondoka. Likaenda hatua thelathini, likasimama kwenye nyumba ya pili.

Huo ulikuwa mwaka 1976. Kijiji kilikuwa na umri wa miaka miwili tu mahali hapo. Zamani kila ukoo uliishi shambani kwake, ndani huko, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kisha serikali ikasema watu wakae pamoja kando ya barabara, wapate shule, maji na zahanati. Nyumba zikajengwa kwa mstari, zote zikitazama lami. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na basi mlangoni, na kila nyumba iliamini kwamba basi ni lake.

Siwema alikuwa kibarua katika kiwanda cha nguo mjini. Walimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akifaulu, angeandikwa kazi ya kudumu. Mikono yake ilikuwa myepesi, na uzi haukumkatikia ovyo. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Zamu ilianza saa moja na nusu, naye alifika saa mbili kasoro robo.

"Siwema," alimwita Ndugu Silvanus, msimamizi wa zamu. "Njoo uone."

Alimwonyesha daftari. Mbele ya jina lake palikuwa na alama tano nyekundu za wiki hiyo.

"Majaribio yako yanakwisha Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi kazi yako naipenda. Lakini mashine haimsubiri mtu. Wiki ya mwisho ndiyo inayotazamwa. Nikiweka alama moja nyekundu ndani yake, utabaki nyumbani."

Siwema alilitazama daftari tena. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache, na mihogo ilikuwa myembamba kama vidole. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiwalisha wote nyumbani. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki.

Kesho yake, Jumamosi, alipanda basi akiwa na hasira. Alikaa karibu na mwanamume mfupi mwenye kalamu sikioni. Huyo alikuwa Ndugu Leodegar, karani wa ratiba za mabasi. Siku hiyo alikuwa akiikagua njia. Alikuwa na karatasi mapajani, na kila basi liliposimama aliandika kijiti kimoja.

"Ndugu karani," alisema Siwema, "mwambie dereva wako akanyage mafuta. Atanifukuzisha kazi."

Leodegar hakuinua macho. "Umepanda wapi, dada?"

"Mlangoni kwetu."

"Na yule mwenye mananasi?"

"Mlangoni kwake."

"Na yule anayeagana na shangazi yake?"

Siwema alichungulia dirishani. Shangazi alikuwa amemshika msafiri mkono, anamsimulia habari za mbuzi.

"Mlangoni kwa shangazi," alijibu polepole.

Leodegar alimwonyesha karatasi. "Hesabu vijiti hivi. Kumi na vinne, vyote vya Visiga. Kila kimoja ni dakika mbili. Gari lipunguze mwendo, lisimame, watu waagane, kuku apakiwe, nauli itafutwe kwenye fundo la kanga, gari lianze tena. Kumi na nne mara mbili ni ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Nusu saa kasoro dakika mbili, na hatujatoka kijijini kwenu. Dada yangu, gari halichelewi likitembea. Linachelewa likisimama. Kuna nyumba moja pale tunapoteza dakika nne nzima. Mama mmoja hutokea katikati ya barabara."

Siwema aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika hata masikio yakamwaka. Miezi mitatu alikuwa amemlaumu Twalibu, kumbe chai yake mwenyewe ndiyo iliyomchelewesha.

Jioni aliieleza familia. Mfaume alicheka, halafu akaacha kucheka. Bi Mwanaamina aliweka chini ungo wa mchele.

"Yaani basi lisisimame hapa?"

"Lisimame kituoni, mama. Tutembee kidogo."

"Siwema, nisikilize. Nilipohamia hapa niliacha mikorosho arobaini. Niliipanda mimi na marehemu mume wangu, na yeye mwenyewe nimemwacha huko huko kaburini. Siku ya kuhama nililia. Bwana mmoja akaniambia, 'Mama, nyamaza, huko basi litakuja mpaka mlangoni.' Nikanyamaza. Katika vyote tulivyoahidiwa, zahanati bado, maji bado. Basi limekuja. Sasa mnataka hata hilo nilirudishe?"

Siwema alimpenda mama huyu. Mfaume alipositasita kumruhusu mkewe kwenda kufanya kazi mjini, ni Bi Mwanaamina aliyesema, "Mwache aende, ana mikono." Sasa mtu aliyempa kazi ndiye aliyekuwa akiiponza, na hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Jumapili, Mzee Pazi, balozi wa nyumba kumi, aliitisha mkutano. Leodegar alialikwa. Alikuja na karatasi yake ya vijiti, akasalimu wazee, akasimama.

"Ndugu zangu, mimi nilianza kazi ya mabasi mwaka uliofuata uhuru," alisema. "Wakati huo basi letu lilizunguka mjini tu. Ninyi wa huku mlisafiri vipi?"

"Juu ya malori ya mazao," alijibu Mzee Pazi. "Unakaa juu ya gunia, ukifika umekuwa mweupe kwa vumbi."

"Naam. Baadaye njia ikasogezwa hadi Kibaha, kisha hadi Mlandizi. Siku ile ya kwanza ilikuwa na vituo kumi na vinane, mwanzo hadi mwisho. Mtu alijua basi linapita saa ngapi. Vijiji vilipohamia barabarani, abiria wakaongezeka. Hiyo ni neema. Lakini vituo navyo vikaongezeka, na hakuna aliyevipanga. Jana nimehesabu sitini na kimoja."

Watu wakaguna.

"Kuna jambo jingine hamlijui. Basi hilo hilo lilipangiwa safari ya pili. Lifike mjini, lirudi Mlandizi, liondoke tena saa tatu na nusu. Safari hiyo tuliifuta, maana basi halirudi kwa wakati. Litawahije, wakati limekaa Visiga nusu saa?"

Sasa watu walikaa vizuri. Wenye mananasi na mkaa walitazamana. Hawakuwa na haja ya kugombania basi la alfajiri. Basi la saa tatu na nusu lingewafaa zaidi.

"Tufanyeje?" aliuliza Mzee Pazi.

"Vituo vitatu vinatosha: dukani, shuleni na kisimani. Hakuna nyumba iliyo mbali na hapo kwa zaidi ya dakika tano za miguu. Abiria wafike kabla ya basi na wapange foleni. Nauli iwe mkononi. Mizigo mikubwa ingoje basi la pili. Na kuagana," alitabasamu, "muagane nyumbani, kwa raha zenu, hata saa nzima."

Wote walikubali kwamba vituo vitatu ni jambo jema. Kisha kila mmoja akaeleza kwa nini kimoja kiwe mlangoni kwake. Huyu alikuwa na mguu mbovu. Yule alikuwa na wageni wengi. Mwingine alisema mlango wake umezoewa na dereva. Mzee Pazi aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

"Nyumba yangu mimi balozi iko katikati ya dukani na shuleni," alisema mwishowe. "Nami nitatembea. Nani ana la zaidi?"

Hapakuwa na zaidi. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Bi Mwanaamina hakunyoosha wake. Alijifunga kanga, akaondoka kabla ya dua ya kufunga mkutano.

Jumatatu kulikuwa na vurugu. Watu wanne walisimama milangoni kwao kwa mazoea, basi likawapita, wakabaki vinywa wazi. Mmoja alilikimbiza akiwa na nanasi kila mkono. Jumanne walikuwa wawili. Jumatano hapakuwa na mtu mlangoni. Dukani palikuwa na foleni iliyonyooka, na aliyefika mapema aliweka kikapu chake mbele, akakaa kwenye kibaraza. Twalibu alifungua mlango, watu kumi na wawili wakapanda, akafunga. Hata dakika tatu hazikutimia.

Siwema naye alijifunza. Aliamka mapema kidogo, akanywa chai iliyopoa kiasi cha kunyweka, akaaga ndani. Kituo cha dukani kilikuwa nyuma, upande wa Mlandizi, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Kwa hiyo kila alfajiri, akiwa ameshapanda, basi lilipita mbele ya nyumba yao. Na kila alfajiri alimwona mama mkwe amesimama mlangoni, ameipa barabara mgongo. Jambo hilo lilimuuma. Alifika kazini saa moja na dakika ishirini na tano, daftari halikupata alama, lakini njia nzima alikuwa na huzuni.

Ikafika Jumamosi, siku ya mwisho ya majaribio. Siwema alikuwa na wasiwasi tangu alipoamka. Aliaga, akaenda dukani, akapanga foleni, akapanda. Alipokaa ndipo alipogundua mikono yake ni mitupu. Chakula chake cha mchana alikiacha jikoni.

Basi lilikaribia nyumbani. Bi Mwanaamina alikuwa barabarani, bakuli lililofungwa kwa kitambaa mkononi. Alikuwa ametoka mbio, na miguu ilikuwa imeshamfikisha katikati ya lami. Twalibu alikanyaga breki. Mwendo ukapungua. Siwema aliona mlango wa jirani ukifunguka. Jirani alikuwa na kuku. Mlango wa pili nao ukafunguka. Watu walikuwa wakitazama. Basi likisimama kwa Bi Mwanaamina, litawezaje kuwapita wengine?

Siwema alishika kiti cha mbele kwa nguvu. Hakujua aombe lisimame au aombe liende.

Bi Mwanaamina alilitazama basi. Aliwatazama majirani. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, hadi kwenye majani, akapunga kanga yake kuelekea mjini.

"Nenda!" alipaza sauti. "Twalibu, nenda! Usimcheleweshe mkwe wangu!"

Basi likaenda. Siwema alilia kimya kimya hadi Kibaha.

Alifika saa moja na dakika ishirini na tano. Saa nne Ndugu Silvanus alimwita ofisini, akampa karatasi atie saini. Siwema aliandika jina lake lote, polepole, kama alivyojifunza katika darasa la watu wazima. Tangu saa hiyo alikuwa mwajiriwa wa kudumu.

Saa sita kengele ya chakula ililia. Wenzake walifungua bakuli zao. Siwema alikunywa maji. Mlinzi wa geti akaja kumwita.

"Kuna mama nje. Anasema hatoki hapa mpaka akuone."

Nje ya geti alikuwa Bi Mwanaamina, amevaa kanga za kutokea, bakuli mkononi.

"Mama! Umefikaje?"

"Kwa basi la saa tatu na nusu, lile lililorudishwa. Kwani ni la nani?" Alimkabidhi bakuli. "Kisamvu kimepoa. Uliwahi?"

"Niliwahi, mama. Wameniandika kazi ya kudumu."

Bi Mwanaamina alifunga macho. "Alhamdulillahi," alisema.

"Mama, Twalibu alikuwa ameshapunguza mwendo," alisema Siwema. "Ungeweza kulisimamisha."

"Ningeweza. Na nyumba kumi na tatu zingetoka na kuku." Alifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Mikorosho yangu bado naililia, usidhani nimesahau. Lakini nimepanda pale dukani, nimepanga foleni kama watu. Mbele yangu walikuwa wanne. Nikapata kiti cha dirishani, na mananasi ya watu yamejaa nyuma, yananukia. Lile la alfajiri nililisimamisha miezi mitatu na sikupata kulipanda. Hili la pili nimelipanda."

Siwema alicheka, akakumbatia bakuli.

"Kula basi," alisema mama mkwe, akajikalisha kivulini kwenye ukuta wa kiwanda. "Nitakungoja umalize. Basi la kurudi linapita saa nane."