Kompyuta Zilizofunikwa Vitambaa

Fathiya alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Kila asubuhi alifagia chumba cha masomo cha Kizimkazi, akapangusa meza, kisha akakagua vitambaa. Maana kila kompyuta, na zilikuwa kumi, ilikuwa na kitambaa chake, alichokidarizi mwenyewe, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Akija mwanafunzi mmoja, alifunua moja na kuiwasha. Wakija watatu, alifunua tatu. Mtu akiinuka tu kwenye kiti, Fathiya huyo, keshazima na keshafunika.

Alikuwa akisema kitu kisichotumika kipumzike. Hakuna aliyembishia, kwa sababu chumba kilikuwa kinang'aa.

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wengi wao wakulima wa mwani. Walijifunza hesabu na Kiingereza kwa mtandao, pamoja na wenzao wa vyumba vya Mtoni na Kiembe Samaki. Somo walilolipenda zaidi lilikuwa mchezo. Watu wa vyumba vyote vitatu waliingia pamoja katika soko la kwenye kompyuta, na kila mtu akawa na duka lake. Ukipiga hesabu sawasawa, unauza. Ukikosea, mteja wako anakwenda kwa jirani. Kazija, aliyeacha skuli akiwa darasa la sita, alijifunza asilimia humo sokoni kwa wiki mbili tu. Sasa alikuwa akijitayarisha kwa mtihani.

Basi watu wa vile vyumba vingine walipoongezeka, soko likaanza kukwama. Mteja anasimama mlangoni, haingii wala hatoki. Mwalimu wa kwenye video anafungua mdomo, haufungi. Watu wakachoka, wakaanza kupungua. Kazija hakuacha kuja, lakini siku moja alilalamika kwamba nusu saa nzima amelikodolea macho swali moja.

Ndipo Mzee Usi, mwenyekiti wa kamati ya chumba, alipokuja na habari nzito. Kijiji cha pili wanazitaka kompyuta zile. Kama kufika Jumamosi masomo bado yanakwama, zitahamishwa.

Fathiya hakula siku ile. Alikipenda chumba kile, na aliona uchungu kukipoteza. Akawaza, akaona kosa ni la mchezo. Kompyuta zinachoshwa na michezo, zitafundisha saa ngapi? Akaupiga marufuku mchezo, na kuzima na kufunika akakuzidisha. Mambo yakaharibika zaidi. Hata Mtoni wakapiga simu kulalamika.

Alhamisi akaja Ilham, fundi wa kompyuta kutoka Kiembe Samaki. Aliamkia, akaitikiwa, akaviona vile vitambaa kumi. Kwanza alisifu mkono uliodarizi. Kisha akauliza kwa nini kompyuta zote zimezimwa.

"Hapana mtu, mwanangu," alisema Fathiya. "Maji yamekupwa, wote wako pwani kwenye mwani. Nshazima zote."

Ilham akavuta kiti, akakaa. "Bi Fathiya, kukiwa na harusi, gunia zima la mchele mnalichaguaje?"

Fathiya alimtazama. Huyu kaja kutengeneza kompyuta au kaja harusini? Lakini akamweleza. Mchele hugawiwa. Kila jirani hupelekewa fungu lake, akalichagua kwake, akatoa chuya na vijiwe. Ukishakuwa safi hurudishwa, ukapikwa pamoja.

"Na jirani mmoja akiliacha fungu lake katikati, akafunga mlango?"

"Hapo tutachelewa kula. Lazima apewe mwengine, aanze upya."

"Basi ndivyo tulivyo," alisema Ilham.

Akamfafanulia taratibu. Mchezo wa watu wengi una kazi kubwa. Masomo ya video nayo vilevile. Kompyuta moja haiwezi kuibeba kazi yote ile. Kwa hiyo kompyuta kuu iliyoko Kiembe Samaki huigawa kazi mafungu mafungu, ikazipelekea kompyuta zote za vyumba vitatu. Kila moja hufanya fungu lake na kurudisha jibu, hata kama hakuna mtu aliyeikalia. Mpango huo mafundi huuita gridi. Fathiya alipokuwa akizima, mafungu yalikuwa yakipotea, na kompyuta chache zilizobaki zikaelemewa.

Fathiya aliona haya. Kumbe mkwamishaji ni yeye mwenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kukubali jambo bila ya kuuliza.

"Na hao wa Mtoni hawatoona mambo yetu?"

"Jirani anayekuchagulia mchele anaingia chumbani kwako?" Ilham akajibu. Kila kompyuta hupewa kazi yake tu, alisema, na daftari za wanafunzi zimefungwa kwa neno la siri.

Fathiya akaulizia umeme. Ilham alikubali kwamba utatumika zaidi kidogo, ndiyo maana vyumba vyote vimepangiwa saa: kuwasha saa mbili asubuhi, kuzima saa kumi na moja jioni. Kisha akawasha moja, akairudishia kitambaa. Baada ya muda akamwambia Fathiya aitie mkono. Ilikuwa moto. Kompyuta inayofanya kazi inataka kupumua, alisema Ilham.

Vitambaa vikavuliwa vyote kumi. Fathiya alivikunja polepole.

Jumamosi Mzee Usi alikuta chumba kimejaa. Soko lilikuwa limefunguliwa tena, na wateja wanaingia na kutoka bila ya kusita. Kazija alimpa kiti ajaribu kidogo. Mwanamke mmoja wa Mtoni akamnyang'anya wateja wanne mfululizo. Mzee Usi hakuinuka mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri, na alipoinuka alisema kompyuta haziendi pahala.

Kazija alifaulu mtihani wake. Vitambaa sasa hufunika sinia la chai.

Asubuhi moja, wanawake wakiwa pwani, Mzee Usi alipita akachungulia dirishani. Kompyuta kumi zilikuwa zikinguruma taratibu. Ndani hamna mtu ila Fathiya, amekaa na sindano yake, anadarizi.

"Fathiya, zote zinawaka na hapana hata mwanafunzi mmoja? Zinafanya nini?"

Fathiya hakuinua hata macho.

"Zinachagua mchele wa Mtoni," alisema.