Pete Chini ya Usukani

Kila alasiri Digna akirudi shuleni, jambo la kwanza lilikuwa kuifuta vumbi baiskeli ya Shangazi Paulina. Hakuna aliyemwagiza. Aliipenda tu. Mtaani kwao Ifakara zilipita baiskeli nyingi zenye magunia ya mpunga na matenga ya kuku, lakini hii ilikuwa nyepesi, ya matairi membamba, na mbele ilikuwa na pedi mbili za kulazia mikono. Ilikuwa baiskeli ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa siku moja. Shangazi, ambaye alikuwa mwalimu, alijiandaa kushiriki kwa mara ya kwanza.

Ijumaa moja asubuhi Shangazi alisema, “Nikishika barabara ya Lupiro, upepo unanipiga kifuani utadhani nimesimama. Usukani uko juu mno. Ukitoka shule uipeleke kwa Fundi Amedeus. Mwambie atoe pete moja ya chuma chini ya shingo ya usukani, aiweke juu yake. Utashuka kidogo.”

“Sawa, shangazi.”

Kwa fundi, Digna alikuta watu wanne wakisubiri. Akasimama kidogo, kisha akachoka. Si alikwisha kumwona fundi akifanya kazi hiyo? Akageuza baiskeli, akarudi nayo nyumbani, akachukua spana za Shangazi. Alifungua boliti za pembeni mwa shingo na ile ya juu, akahamisha pete, akarudisha kila kitu. Akakaza za pembeni kwa nguvu zake zote, kisha ya juu. Usukani ulishuka kweli!

Lakini aliposhika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli, kitu kiligonga ndani ya shingo. Ko! Akakaza tena boliti ya juu. Ko! Mara mlango wa uani ukafunguliwa.

“Ahaa, Fundi Amedeus namwaminia!” Shangazi alisema akitabasamu. “Kesho asubuhi naijaribu hadi Lupiro.”

Digna aliificha spana nyuma ya mgongo.

Jioni Digna aliacha hata samaki wa kukaanga sahanini. Shangazi alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. “Unaumwa, mwanangu?” Upole huo ulimchoma Digna kuliko ambavyo kofi lingemchoma.

Kulipokucha aliamshwa na mlio wa mlango wa uani. Alitoka mbio bila viatu. Shangazi alikuwa ameshapanda, anaelekea barabarani.

“Shangazi! Simama! Usiende!”

Shangazi akakanyaga chini. Digna alieleza yote huku analia. Shangazi alishika breki ya mbele, akasukuma. Ko!

“Ningeshika breki hii kwenye mteremko wa daraja la kwenda Lupiro…” Hakumalizia. Alimshika Digna mkono, wakaikokota baiskeli hadi kwa fundi.

“Shikamoo, fundi,” Digna alisema, macho chini. “Niliifungua mimi. Nikamwacha shangazi aamini ni wewe.”

“Marahaba. Ulianza kukaza boliti zipi?”

“Za pembeni.”

“Hapo ndipo ulipokosea. Ya juu ndiyo inayobana gololi za shingoni. Ukitanguliza za pembeni, shingo inashikwa pale pale, na ya juu haina tena cha kubana. Legeza zote. Anza na ya juu, taratibu, kisha za pembeni.” Akampa spana. “Shika. Fanya mwenyewe.”

Digna alikaza, fundi akiangalia kila mzunguko. Akashika breki, akasukuma. Kimya. Shangazi akapanda, akalaza mikono kwenye pedi, mgongo ukanyooka chini ya upepo. Alizunguka mtaa mzima, akarudi anacheka.

“Digna,” fundi alisema, “kukosea boliti, hata mimi nimekosea mara nyingi. Hatari ni kunyamaza wakati mtu anapanda ulichoharibu. Kama hujui, uliza. Ukikosea, sema kabla mtu hajakanyaga pedali.”

“Na wewe umesema,” Shangazi aliongeza, akimfuta machozi kwa kiganja. “Umechelewa, lakini umesema nikiwa bado mzima. Kuanzia leo, ukitaka kujifunza ufundi, utakuja hapa Jumamosi ufundishwe.”

Kisha akavaa kofia yake ngumu, akaelekea Lupiro.