Mkanda wa Kiti Kitupu

Mambo yalianza Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, pale lori la kubebea magari lilipoingia kinyumenyume getini na kushusha uani kile kilichosalia cha gari la Breki.

Breki ni jina la utani. Wenzake walimpa kwa kejeli, kwa kuwa ndicho kifaa pekee cha gari ambacho hakuwahi kukijali. Alikuwa kijana mfupi, mwembamba, mwenye mdomo uliomzidi umbo. Siku za kazi aliuza vipuri dukani. Jumapili yeye na wenzake walikusanyika kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa, wakashindana kwa zamu, gari moja moja, mmoja kashika saa na mwingine bendera. Jumapili iliyopita gari lake lilikuwa limejikita kwenye ukuta wa matairi mabovu. Yeye alitoka na kifundo cha mkono kilichoteguka, basi. Wenzake walimcheka kuliko walivyompa pole, maana aliondoka kabla hata bendera haijashuka.

Dada yake alisimama kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kikombe mkononi, akilitazama gari lile upande mmoja hadi mwingine. Alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu, na alikuwa mtu wa wasiwasi: alizima jiko, akarudi kuangalia kama amelizima, kisha akaamka usingizini kuangalia tena. Nyumbani walimwita Injinia. Mama alilitamka jina hilo kwa fahari. Breki alilitamka akiwa na shida.

"Injinia wangu," alisema Breki. "Likizo yako si imeanza leo?"

"Imeisha sasa hivi, nilipoliona hilo."

"Rejeta, bampa, taa ya kulia, na kunyoosha hapo mbele. Vipuri vyote ninavyo. Nilichokosa ni mkono." Akaunyanyua ule wenye bandeji. "Jumapili nina zamu."

"Zamu ya mochwari?"

Mama alikuwa ametokea nyuma yao, kimya. Alimshika bintiye kiwiko, akamvuta pembeni. "Ukikataa atalitengeneza mwenyewe, unamjua. Litengeneze wewe. Na funguo ushike wewe, usimpe mpaka moyo wako utulie kwamba gari hili haliniulii mtoto."

Injinia akaahidi. Funguo zikaingia mfuko wa ovaroli yake, zikakaa huko.

Mwanzo kazi ilikwenda kama ilivyopaswa. Alifungua, akasafisha, akapanga boliti kwenye makopo kwa ukubwa wake. Kilichogoma kilikuwa mlango wa dereva, ule wa kulia. Fremu ilikuwa imepinda ikaubana, haukufunguka kwa mkono wala kwa nondo. Akaamua utakuwa wa mwisho. Kwa sasa kila aliyetaka kufika kwenye usukani ilimbidi aingie kwa mlango wa abiria, ajikunje, avuke gia.

Shida ilianzia kwenye kengele.

Rejeta mpya ikishajazwa maji, injini huachwa ingurume kwa muda mrefu ili hewa itoke. Na gari lile lilikuwa na masharti: injini ikiwa inawaka na mkanda wa dereva haujafungwa, linalia. Ti, ti, ti, ti. Halichoki. Injinia alivumilia, akavumilia, mwishowe akafanya kile ambacho kila fundi hufanya. Akaingiza nusu ya mwili kupitia mlango wa abiria, akauvuta mkanda wa dereva juu ya kiti kitupu, akauchomeka. Kimya. Akarudi kwenye boneti akiwa na furaha ndogo ya mtu aliyeushinda mtambo.

Aliporudi kuzima injini, kiti cha dereva kilikuwa nyuma.

Nyuma kabisa, mwisho wa reli, kama cha mtu mwenye miguu mirefu sana. Yeye asubuhi alikuwa amekisogeza mbele ili apate nafasi ya kukagua waya. Na kile kioo cha katikati cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinuliwa. Alipokitazama, aliona dari tu.

"Breki, uliingia humu?"

"Mimi? Niingie humo kufanya nini?" Alijibu akiwa mbali, kwenye ngazi, na hakusogea.

Akakisogeza kiti. Akafungua reli, akakuta meno yake yamo, hayajalika. Akazipaka grisi, akakaza. Kesho yake, baada ya kungurumisha injini, kiti kilikuwa nyuma. Akabadilisha springi ya komeo. Kikarudi nyuma. Akatia boliti ya kukizuia, boliti ambayo isingepita hata ungeigonga nyundo. Aliikuta sakafuni, juu ya zulia la miguu, imesimamishwa wima kwa kichwa chake, kama mtu anavyoweka kikombe.

Akaanza kukasirika. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyesoma: kitu kina sababu, na sababu inamkimbia. Alilala na michoro ya reli kichwani. Alimjibu mama kwa mkato. Alitupa spana ikagonga ukuta, kisha akaenda kuiokota na kuiomba radhi. Na katikati ya yote hayo Breki alikuwa hamsaidii kitu. Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunataka watu wawili, mmoja akanyage pedali na mwingine afungue skrubu kule chini ya gurudumu. Alimwomba akanyage.

"Mkono unauma."

"Nimekuomba mguu."

"Mguu nao unauhurumia mkono," alisema Breki, lakini hakucheka, na aliingia ndani akafunga mlango.

"Wiki nzima uko hapo kwenye ngazi kama mgeni," Injinia alimfuatia kwa sauti. "Gari lako, vumbi nakula mimi."

Alhamisi alasiri mama alikwenda sokoni. Injinia aliongeza maji kwenye rejeta kwa mara ya mwisho, akawasha injini, akauchomeka mkanda kwenye kiti kitupu ili kengele inyamaze, akaenda jikoni kunawa. Alimkuta Breki mezani na kopo la dawa ya kuchua, akihangaika kujipaka begani kwa mkono mzima.

"Lete hapa. Utajipaka mpaka masikio."

Breki akavua shati shingo upande. Wiki nzima alikuwa hajalivua mbele ya mtu. Alama ya mkanda ilikuwa imeiva, nyeusi katikati, njano pembeni, pana kama kiganja. Injinia akachota dawa, akaanzia juu, bega la kushoto. Akashuka nayo kifuani. Vidole vyake vilifika kwenye nyonga ya kulia, vikasimama.

Akairudia kwa macho. Bega la kushoto, nyonga ya kulia.

Mkanda wa dereva katika gari lile unatoka kulia. Humpita dereva bega la kulia, ukamalizikia nyonga ya kushoto. Alikuwa ameushika mkanda huo mara nyingi mno wiki hii kuweza kukosea. Na alikuwa ameukagua pia. Mkanda uliobeba mtu kwenye ajali hubaki na alama, nyuzi zake hung'aa pale zilipovutwa. Mikanda yote miwili ya mbele ilikuwa na alama hiyo. Alikuwa ameiona na kuipuuza.

"Ulikuwa umekaa wapi?" aliuliza.

Breki alinyoosha mkono kulichukua shati.

"Nakuuliza. Gari lilipogonga, ulikuwa umekaa kiti gani?"

"Kengele ilikuwa inanikera," alisema Breki. Sauti yake ilishuka hadi ikawa pumzi tu. "Nilikuwa nimewasha injini ipate moto, nasubiri zamu. Nikafunga mkanda kwenye kiti kitupu. Tunafanya hivyo wote. Nikazunguka upande wa abiria kuchukua helmeti, nikakaa pale nifunge viatu. Mlango ukajifunga."

"Halafu?"

"Halafu tukaondoka."

Nje, injini ilinguruma taratibu.

"Vioo vya pembeni ni vyeusi, na watu walikuwa pembeni, hawakuona ndani. Mimi mwenyewe sikuona mtu, dada. Usukani ulikuwa unakwenda. Gia zinaingia, laini, mimi sijawahi kuziingiza hivyo. Na mkanda ulikuwa umenibana. Sikuufunga mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ulikague. Nilitaka uniambie ni waya. Wewe ungeniambia ni waya, ningeamini." Akalivuta shati begani. "Jumapili ningekwenda, nikaendeshe kama zamani, yakaisha."

Injinia akafunika kopo la dawa. Waya alikuwa amezikagua zote, zilikuwa nzima.

Nje, injini ikapanda.

Mara moja, kwa nguvu. Ikashuka. Ikapanda tena, kama mtu anayejaribu mguu.

Breki akamtazama. "Umeuacha umefungwa?"

Injinia alikimbia. Gari lilikuwa uani, pua likiielekeza getini. Kiti cha dereva kilikuwa nyuma kabisa. Hakukuwa na mtu. Mkanda ulikuwa umekizunguka kiti, lakini haukulala juu ya kitambaa. Ulikuwa umevimba. Ulikuwa unapanda na kushuka, polepole.

Alifungua mlango wa abiria, akapiga goti kitini, akanyoosha mkono kuelekea ufunguo. Ufunguo ulikuwa upande wa pili wa usukani. Hakuufikia.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akasukumwa kitini. Mkanda wa abiria ukamshika bega la kushoto, ukakaza. Breki ya mkono ikashuka yenyewe. Pedali ya klachi ikazama, taratibu, kwa mguu unaojua kazi. Gia ikaingia. Laini.

"Hodi humu," ilisema sauti ya mama nje. Komeo la geti likalia.

Gari likaondoka.

Geti lilifunguka. Mama alikuwa katikati, kikapu mkononi, ameinamisha kichwa anatafuta pa kukanyaga. Injinia alitaka kupiga kelele, mkanda ukamnyima pumzi. Ufunguo uko mbali. Usukani uko mbali. Kilichokuwa karibu ni kifungio cha mkanda wa dereva, kati ya viti viwili, na kitufe chake chekundu.

Akakibonyeza kwa ngumi.

Ti, ti, ti, ti.

Mkanda wa dereva ulirudi mahali pake kwa kishindo. Gari likaruka, likakohoa, likazima. Na kabla hajavuta pumzi, kitu kilipita juu ya mapaja yake. Kizito. Baridi. Hakikuwa na haraka. Kilikuwa kinaelekea kushoto, upande wa mlango pekee uliokuwa unafunguka.

Mlango ukafunguka.

Bampa mpya lilikuwa limegusa kikapu. Nyanya moja iliviringika hadi chini ya gurudumu. Mama alimtazama bintiye kupitia kioo cha mbele, kisha akamtazama Breki aliyesimama kwenye ngazi bila shati, mikono kichwani.

"Kama mnajaribu breki," alisema mama, "mngeanza na ukuta."

Kisha akajifunika bega kwa khanga. "Na huko ndani mmefungua dirisha gani? Kuna baridi imenipita hapa."

Hawakumwambia kitu. Injinia aliing'oa betri siku ileile, akaifungia stoo, akakaa kitandani na funguo zimebanwa kiganjani.

Ijumaa asubuhi, jua lilipochomoza tu, alitoka na mkasi wa kukatia bati. Alikata mkanda wa dereva vipande vipande. Akakata wa abiria. Akafungua nati ya usukani, akautoa, akauweka juu ya kiti kama sahani. Funguo akazitumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu, akazitazama zikizama. Breki alisimama karibu naye kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Jumapili siendi," alisema.

"Najua."

Injinia alihisi moyo umetulia, ule utulivu ambao mama aliutaka. Akaenda kuoga. Kwenye kioo cha bafuni aliiona: alama pana, ndiyo kwanza inaanza kuiva, kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia. Mkanda ule hakuufunga yeye. Akavaa blauzi yenye kola, akafunga vifungo vyote.

Mezani mama alikuwa amekwisha mimina chai. Meza yao ina viti vinne, na wao ni watatu; cha nne hukaa kimesukumwa ndani, hakina mwenyewe. Asubuhi hiyo kilikuwa nje. Kilikuwa kimerudishwa nyuma, mbali na meza, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu angekiweka kama miguu yake ni mirefu sana. Sakafuni miguu ya kiti ilikuwa imechora mistari miwili.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza mama. "Mnakula usiku siku hizi?"

Breki aliganda mlangoni.

Injinia alikishika kiti kwa mikono miwili, akakisukuma ndani mpaka mgongo wake ukagusa meza. Akaenda kabatini kuchukua sukari. Alisikia mbao zikiburuzwa nyuma yake, taratibu, bila haraka. Hakugeuka mara moja. Alisubiri mpaka sauti ikome.

Kisha akalichukua kopo la sukari, akarudi, akatia kijiko kimoja kwenye kikombe chake, akakoroga. Chai aliinywa amesimama.