Kosa Lake na Lisilo Lake

Asubuhi ile Dobi aliunguza kola ya shati.

Hakuwa mtu wa kuunguza nguo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amepiga pasi mashati ya makarani, mashuka ya zahanati na majoho ya mahakimu. Wateja walisema pasi yake ina macho. Lakini asubuhi ile macho ya pasi yalifumba. Moshi mwembamba ulipanda, na doa la rangi ya chai likabaki kwenye kola nyeupe.

Mkewe alikuwa akikunja mashuka. Alimtazama. Alijua kilichomkosesha utulivu. Kilikuwa katika mfuko wa shati lake: barua mbili, moja ya shule na moja ya binti yao.

Barua ya shule ilifika jana, Jumatatu. Ilisema kwamba binti yao, mwanafunzi wa kidato cha nne, amevunja hadubini katika maabara. Hadubini ni chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa kosa hilo amesimamishwa masomo kwa wiki tatu. Akirudi, aje na mzazi wake na barua ya kukiri kosa.

Wiki tatu zilikuwa nyingi mno. Mtihani wa vitendo wa kumaliza shule ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Aliyesimamishwa haruhusiwi kuufanya. Akiukosa, atangoja mwaka mzima.

"Sikuivunja, baba," binti alisema jana hiyo.

Dobi hakumuuliza neno. Alilelewa kuamini kwamba mkubwa akikasirika, mdogo huomba radhi. Akiomba mapema, hasira hupoa mapema.

"Andika kwamba umekosa," alimwambia. "Omba msamaha, yaishe. Kesho naipeleka mwenyewe."

"Lakini sikuivunja."

"Nimesema andika."

Mkewe alishauri kwamba mtoto aulizwe kwanza. Dobi akajibu kwamba maswali hayamrudishi mtu darasani. Basi yeye akataja maneno, binti akayaandika. Alipotia sahihi, kalamu ilitoboa karatasi.

Sasa kulikuwa kumekucha. Dobi alichomoa pasi, akaliweka kando shati lililoungua kola, akachukua furushi la mashuka. Shule ilikuwa mbele, lakini njiani alipaswa kupitia nyumba ya Mama Faili kumpa nguo zake.

Mama Faili alikuwa karani wa ofisi ya shule hiyo kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Watu wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu hasahau kitu. Ukimkosea leo, atakutajia mwaka ujao, pamoja na tarehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia? Keti."

Dobi hakuketi. Alieleza habari akiwa amesimama, huku akiutazama mlango. Mama Faili aliomba barua, akavaa miwani, akazisoma zote mbili polepole. Ile ya binti aliisoma mara mbili.

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wa binti yangu."

"Na maneno?"

Dobi alijikuna shingo. "Maneno ni yangu."

"Hadubini ilipovunjika ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama."

"Kumbe wewe ni shahidi hodari. Hukuwepo, na umeeleza yote."

Dobi alicheka kidogo, bila kupenda. Kisha akasema lililomkaa moyoni: mtu mdogo hashindani na shule.

"Sijakwambia ushindane," Mama Faili alisema. "Nakwambia uulize. Shule ya umma si shamba la mtu. Ina kanuni, na kanuni zinamfunga mwanafunzi na mwalimu pia. Kijitabu chake alipewa binti yako siku ya kwanza. Kiko wapi?"

Dobi hakujua kilipo.

Mama Faili alimweleza yaliyomo. Mwanafunzi anayeshtakiwa ana haki ya kuelezwa kosa lake waziwazi. Ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, mzazi wake akiwepo. Asiporidhika na uamuzi, anaweza kuandika kwa heshima kwa bodi ya shule ili jambo litazamwe upya. Haki hizi si zawadi ya mwalimu mpole. Ni za kila mwanafunzi, mtiifu na mtundu.

"Na hii barua yako," aliendelea, "itakaa katika faili lake. Atakayeisoma hatajua kwamba ni ya baba mwenye haraka. Atasema, 'Huyu alikiri mwenyewe.'"

Dobi aliirudisha barua mfukoni, akaitoa tena.

"Jambo moja zaidi," alisema Mama Faili, na sauti yake ikawa kavu. "Shule imemhukumu bila kumsikiliza. Je, wewe umemsikiliza?"

Dobi alivuta kiti. Sasa ndipo alipoketi.

"Basi amehukumiwa mara mbili. Nenda ukamuulize. Lakini usidhani kwamba haki ni shuka la kujifunika uso. Mwanafunzi ana wajibu vilevile: kutii kanuni, kutunza mali ya shule, kumheshimu mwalimu, kusema kweli hata inapomchoma. Kama ana kosa lake, alitaje mwenyewe kabla hajatajiwa. Mficha uchi hazai."

Dobi alirudi nyumbani mbio mbio. Mashuka ya Mama Faili alirudi nayo begani, na hakugundua mpaka mkewe alipomuuliza kama mteja ameyakataa.

Binti alikuwa uani, anasuuza sare yake. Dobi alichuchumaa mbele yake.

"Niambie habari ya siku ile, tangu mwanzo. Sitakukatiza."

Binti alikausha mikono, akasema. Ijumaa zamu ya maabara ilikuwa yake. Mwenye zamu huhesabu vyombo, huvirudisha kabatini, hufunga mlango, kisha hupeleka ufunguo ofisini. Siku hiyo mazoezi ya mpira wa pete yalianza mapema. Yeye hakuhesabu wala hakufunga. Alimwachia ufunguo rafiki yake, msichana mrefu waliyemwita Ngongoti, akakimbilia uwanjani.

"Kwa hiyo uliacha zamu," alisema Dobi.

"Niliacha."

"Na jana hukusema!"

"Jana uliniambia niandike, baba. Hukuniambia niseme."

Dobi aliinuka. Alizunguka uani mara moja, mara ya pili, akitafuta wa kumlaumu. Kila alipofika kwenye kamba ya nguo alijikuta amerudi kwake mwenyewe.

"Simama mahali pamoja, baba watoto," mkewe alimwambia. "Unatutia kizunguzungu."

Alisimama. Akaichana ile barua ya jana. Safari hii hakutaja maneno. Binti aliandika mwenyewe, na barua ikawa fupi. Alisema kwamba aliacha zamu yake bila ruhusa, na hilo ni kosa lake. Alisema kwamba hakuivunja hadubini. Aliomba kusikilizwa, baba yake akiwepo, kabla ya siku ya mtihani. Katika kijitabu cha kanuni, walichokikuta chini ya godoro, walipata kifungu kinachohusu kusikilizwa. Akakitaja kwa namba yake.

Katika ofisi ya shule, karani alipokea barua na kuigonga muhuri. Dobi aliomba nakala igongwe pia, kama Mama Faili alivyomwagiza. Wakati huo mwalimu wa nidhamu alipita, mtu mnene mwenye hatua za haraka.

"Mzee, umeleta barua ya kukiri?"

Neno "yaishe" lilimfika Dobi ulimini. Akalimeza.

"Mwalimu, alilolifanya amelikiri humo. Asilolifanya, tunaomba asikilizwe."

Mwalimu alikunja uso, lakini hakuweza kukataa. Jioni, jibu la mkuu wa shule likaja: kikao ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Zilikuwa siku mbili ndefu. Binti alisoma madaftari yake, akayafunga, akayafungua. Dobi alichanganya soksi za watu. Alimpelekea muuza nyama joho la hakimu, na muuza nyama akasema kwamba yeye hajawahi kumhukumu mtu, amewahukumu mbuzi tu. Mtaa mzima ulicheka. Dobi hakucheka. Alihesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mpaka Alhamisi ya mtihani. Kila alipohesabu, zilikuwa zimepungua.

Ijumaa walikaa upande mmoja wa meza, yeye na binti. Upande wa pili alikaa mkuu wa shule, mama mwenye sauti ya chini, pamoja na mwalimu wa darasa na mwalimu wa nidhamu.

Mkuu wa shule alimtaka mwalimu wa nidhamu aeleze ushahidi wake. Alieleza kwamba hadubini ilikutwa sakafuni Jumatatu asubuhi, na kwamba jina la binti lilikuwa kwenye orodha ya zamu.

"Kuna aliyemwona akiivunja?"

"Hapana. Lakini zamu ilikuwa yake."

"Ulimuuliza?"

Mwalimu alipanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Sikumuuliza."

Binti alipewa nafasi. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Alianza na kosa lake la kuacha zamu. Kisha akaeleza kuhusu ufunguo.

Ngongoti akaitwa. Aliingia ameinama, kama mtu anayeogopa kugonga kichwa kwenye dari. Mkuu wa shule alimuuliza tu kama alipokea ufunguo. Lakini maneno yalikuwa yamemjaa, yakamwagika. Alisema kwamba aliingia kuchukua sweta lake lililokuwa mezani. Alilivuta, na hadubini ikaja nalo. Akafunga mlango, akapeleka ufunguo, akaenda zake.

"Mbona ulinyamaza mwenzako aliposimamishwa?"

"Niliogopa, mwalimu." Machozi yalimtoka. "Na hakuna aliyeniuliza."

Mkuu wa shule aliinua mkono. "Usiseme zaidi leo. Tutamwita mzazi wako. Nawe utasikilizwa kwa utaratibu uleule, kama mwenzako."

Mwalimu wa nidhamu alimgeukia binti. Halikuwa jambo rahisi kwake, na ilionekana.

"Nilifanya haraka," alisema. "Nilipaswa kukusikiliza kabla ya kuandika. Nisamehe."

Kisha mkuu wa shule akatoa uamuzi. Adhabu ya kusimamishwa ilifutwa, na barua yake itaondolewa katika faili. Binti atarudi darasani siku hiyohiyo. Lakini aliacha zamu, na chombo cha umma kimeharibika kwa sababu mlango haukufungwa na aliyepaswa kuufunga. Kwa hilo atafagia maabara kila siku baada ya masomo, kwa wiki mbili. Katika wiki hizo hatacheza mpira wa pete. Tena, tangu siku hiyo, ufunguo hautapita mkono kwa mkono. Asiyeweza kumaliza zamu aurudishe ofisini, na jina la anayeuchukua liandikwe.

Dobi alifungua mdomo kuomba apunguziwe. Mtihani u karibu. Si mtoto amekwisha teseka vya kutosha? Binti alimgusa mkono.

"Hilo ni langu, baba," alisema. Kisha akamtazama mkuu wa shule. "Nakubali, mwalimu."

Dobi alifunga mdomo. Alimtazama binti yake kama mtu anayetazama nyumba yake kutoka ng'ambo ya barabara kwa mara ya kwanza.

Alhamisi ilipofika, binti aliingia katika chumba cha mtihani pamoja na wenzake. Alitazama ndani ya hadubini, akachora alichokiona, akaandika majina ya sehemu zake. Saa saba mchana kengele ililia. Wanafunzi walitoka wakipiga kelele na kulinganisha majibu. Yeye alikunja mikono ya shati, akachukua ufagio. Ilikuwa siku yake ya tano ya adhabu.

Dobi alimngoja kwenye benchi nje ya lango. Mzazi mwingine, mshona viatu aliyemfuata mwanawe, akaketi karibu naye.

"Nasikia binti yako aliwashinda walimu," alisema. "Mbona basi bado anafagia?"

"Hakumshinda mtu," Dobi alijibu. "Alilolifanya analitumikia. Asilolifanya halibebi."

Mshona viatu aliyatafakari maneno hayo. Kutoka maabara ulisikika ufagio ukikwaruza sakafu, taratibu, kona kwa kona. Dobi alikuwa na nguo za watu zinazomngoja nyumbani. Hakuinuka. Alinyoosha miguu, akamwacha binti yake amalize.